Mtoto, mbwa na mikono miwili

Saa nne usiku, ukumbi wa kuondokea wa uwanja wa Jomo Kenyatta. Mtoto wa mwaka na nusu amelala mgongoni kwa mama yake, kafungwa kwa leso. Baba anasukuma kitoroli chenye masanduku manne. Nyuma yao kuna kizimba cha plastiki, na ndani yake mbwa wa kahawia ambaye hajabweka tangu watoke nyumbani. Karani anafungua bahasha ya karatasi za mbwa, anasoma ukurasa wa pili, anarudi wa kwanza.

"Chipu iliwekwa lini?"

Tarehe 10 Machi.

"Na chanjo?"

Tarehe 3 Machi.

Mbwa haendi.

Picha hii imenizunguka kichwani kwa wiki kadhaa, na si kwa sababu ya zile siku saba. Siku saba zina maelezo yake, nitayafikia. Kinachonikera ni nusu saa inayofuata. Mtoto anaamka, foleni nyuma inaguna, kaunta inakaribia kufungwa, na hakuna hata ndugu mmoja wa kuja kumchukua mbwa, kwa sababu wote walishaaga na nyumba yenyewe ilirudishwa kwa mwenyewe asubuhi.

Nani anabaki?

Swali hilo lisingepaswa kuulizwa pale kaunta. Ilibidi liwe limejibiwa miezi minne nyuma, mezani, watu wakinywa chai.

## Zile siku saba

Nitazungumzia safari ya kwenda Ujerumani, maana ndiyo yenye mitego mingi na ndiyo wengi wetu wanaifanya siku hizi, wauguzi, mafundi na wahandisi, na familia zao zikifuata. Sehemu kubwa ya nitakayoeleza ni kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo hata anayekwenda Uholanzi au Ubelgiji yuko humu humu. Paka naye yumo. Nikisema mbwa, msome na paka.

Ulaya haimtambui mnyama kwa jina wala kwa rangi. Inamtambua kwa chipu: kijidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachochomwa chini ya ngozi, chenye namba ya tarakimu 15 inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785. Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotangulia namba hiyo ni chanjo ya mbwa asiyejulikana. Chipu na chanjo siku moja ni sawa, mradi chipu itangulie. Chanjo wiki hii na chipu wiki ijayo, hiyo chanjo haihesabiki.

Kisha kuna orodha. Nchi ambazo Ulaya inaziona zina udhibiti mzuri wa kichaa cha mbwa zimeorodheshwa, na wanyama wake wanasubiri siku 21 tu baada ya chanjo ya kwanza. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Kwetu sisi kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba chanjo ilishika: kingamwili zifike angalau vizio 0.5 vya kimataifa kwa mililita. Damu itolewe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, na mnyama asiingie Ulaya mpaka ipite miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Siku ya kutolewa damu ndiyo inayohesabiwa. Ya kupokea majibu haihusiki.

Tuhesabu. Mbwa awe na umri wa wiki 12 au zaidi. Chipu na chanjo tarehe 5 Januari. Damu, mapema kabisa, tarehe 4 Februari. Kuingia Ulaya, mapema kabisa, tarehe 4 Mei. Hiyo ni miezi minne kasoro siku moja, na hapo hakuna kilichoharibika.

Na vingi huharibika. Sampuli ikikaa kwenye joto au ikitikiswa vibaya, chembe za damu hupasuka na maabara inaikataa. Ni lazima ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Ulaya. Onderstepoort ya Afrika Kusini imo, ya Nancy nchini Ufaransa imo. Kabla ya kutuma, iulize maabara inataka karatasi gani zifuatane na sampuli, maana kifurushi kinaweza kukwama forodhani mpaka sampuli ipoteze maana. Mbwa aliyechanjwa mara moja tu maishani huweza kupata chini ya 0.5. Ndiyo sababu madaktari wazoefu hupendelea kurudia chanjo wiki mbili hadi nne baada ya ile ya kwanza, kisha ndipo wasubiri na kutoa damu. Akifeli, anachanjwa tena na hesabu ya siku 30 inaanza upya.

Kosa jingine ni la kalamu. Daktari ananakili namba ya chipu kutoka kwenye kadi badala ya kuisoma kwenye mnyama, na 8 inageuka 3. Karatasi ya maabara inarudi ikiwa na majibu mazuri sana ya mbwa ambaye hayupo duniani. Kila mara, kabla ya sindano au bomba la damu, omba kisomeo kipitishwe shingoni na namba isomwe kwa sauti, nawe uifuatilie kwa kidole. Usione haya. Ni nusu dakika.

## Anza kabla ya viza

Watu wengi husubiri viza itoke ndipo wamshughulikie mbwa. Wanasema, na kwa mtazamo wa kwanza wana haki: kwa nini nitoe pesa ya maabara kama hata sijui naondoka?

Kwa sababu kipimo hakiozi. Kingamwili zikishapita kiwango, majibu hayo yanatumika maisha yote ya mbwa, mradi chanjo za kurudia zisichelewe hata siku moja. Chanjo ikiisha muda tarehe 5 Januari nawe ukarudia tarehe 6, kila kitu kinaanza upya, damu na miezi mitatu yake. Usipochelewa, majibu yako yanakusubiri wewe na ubalozi wako.

Viza haisubiri hivyo. Ikishatoka ina tarehe ya mwisho ya kuitumia. Kazi ina siku ya kuanza. Mtoto naye anakua: akitimiza miaka miwili anatoka kwenye nauli ya mapajani, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na anatakiwa kuwa na kiti chake. Kati ya kalenda zote za familia hii, ya mbwa ndiyo ndefu, na ndiyo pekee unayoweza kuianza bila kumwomba mtu ruhusa.

## Siku kumi, na lugha ya mlango

Cheti cha afya cha kuingilia Ulaya kinatumika siku 10 tangu kusainiwa mpaka mnyama anapokaguliwa mpakani. Kisainiwe au kiidhinishwe na daktari wa serikali: Kenya ni Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete, Tanzania ni ofisi ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Siku kumi zinasikika nyingi mpaka ukutane na Pasaka, au Idd iliyosogea kwa kuandama mwezi, au afisa mwenye muhuri yuko semina. Lenga siku ya tano au ya sita kabla ya safari. Mapema zaidi, ndege ikiahirishwa unakosa nafasi. Karibu zaidi, kosa likionekana hakuna muda wa kulirekebisha.

Halafu kuna jambo ambalo hata mawakala hulisahau. Cheti huandikwa kwa Kiingereza pamoja na lugha rasmi ya nchi ya Ulaya unayoingilia. Unayoingilia, si unayohamia. Ukipanda ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Frankfurt, ni Kijerumani. Ukipita Amsterdam kwanza, mlango wako ni Uholanzi na cheti ni cha Kiholanzi. Familia zinabadilisha tiketi kwa kufuata bei nafuu wiki moja kabla ya safari, na hazijui kwamba zimebadilisha na karatasi ya mbwa.

Mbwa wa Kenya wana tatizo jingine: aina. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2001 inakataza kuingiza pitbull, American Staffordshire, Staffordshire bull terrier na bull terrier, pamoja na machotara wao. Mbwa wetu wengi ni mchanganyiko ambao hata mama yao angesita kuueleza. Daktari mchangamfu akiandika "chotara wa pitbull" kwa sababu tu kichwa ni kipana, ameshafunga mlango. Mbwa wa kienyeji aandikwe mchanganyiko, kwa ukweli, bila mbwembwe. Na Rottweiler asidhaniwe kuwa salama kwa kuwa hayumo kwenye sheria hiyo ya taifa. Majimbo yana orodha zao, na Bavaria inamweka kwenye kundi la mbwa wanaohitaji kuthibitishwa tabia.

## Kiti cha mbele na begi la paka

Sasa ndani ya ndege, ambako mipango mizuri hugongana.

Mwenye mtoto mdogo huambiwa aombe safu ya mbele, inayotazama ukuta, kwa sababu pale ndipo hufungwa kile kitanda kidogo cha kuning'inia. Mwenye paka au kimbwa kidogo huambiwa kwamba anaweza kukaa naye, mashirika mengi ya Ulaya yakiweka kikomo cha kilo 8, mnyama pamoja na begi lake laini, na begi likae chini ya kiti cha mbele.

Safu ya mbele haina kiti cha mbele.

Kwa hiyo abiria mmoja hawezi kupata vyote viwili. Mwenye paka hawekwi pale ukutani, na mwenye mtoto akikosa pale anambeba mapajani kwa muda wa saa nane na ushee. Kama mko wazazi wawili, mmoja akae mbele na mtoto, mwingine nyuma na paka, na tiketi zipangwe hivyo tangu mwanzo kwa simu, maana ukurasa wa kuchagua viti haujui kuwa una paka. Tena kile kitanda mara nyingi hubeba kilo 10 au 11 tu. Mtoto wa mwaka na nusu anayekula vizuri ameshakizidi, na familia inapigania kiti ambacho hakitawasaidia.

Kwenye ukaguzi wa usalama ndipo upungufu wa mikono unapoonekana. Begi la paka hupita kwenye mashine bila paka. Paka hupita mikononi mwako. Mtoto anashushwa kutoka mgongoni, leso inapita kwenye mashine, kigari kinakunjwa. Kwa sekunde kadhaa una mnyama aliyeogopa mkononi na mtoto anayejua kukimbia miguuni. Mvalishe paka mkanda wa kifuani wenye kamba tangu nyumbani, si ukosi wa shingoni ambao anauvua kwa kurudi nyuma. Na omba chumba cha pembeni chenye mlango. Vipo, ila havitangazwi.

Wanaopita Doha wajue kwamba Qatar Airways huruhusu kipanga kwenye kabini, yule ndege anayefunzwa kuwinda, na paka hapana. Kila jamii na kipenzi chake.

## Kizimba

Mbwa mkubwa anakwenda kwenye tumbo la ndege, kwenye chumba chenye hewa na joto linalodhibitiwa. Hofu kwamba kule ni friji ya mizigo haina msingi. Hatari iko ardhini, kwenye lami, kizimba kikisubiri juani au baridini. Ndiyo maana ndege ya usiku ni bora kutoka kwetu, na ndiyo maana baadhi ya mashirika hukataa wanyama katika miezi ya joto kali au baridi kali.

Vipimo vya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, vinapimwa mbwa akiwa amesimama. Chukua urefu kutoka pua hadi shina la mkia, kimo kutoka chini hadi kiwiko, upana wa mabega, na kimo hadi ncha ya masikio au utosi, kipi kirefu. Urefu wa kizimba ni urefu wa mbwa kuongeza nusu ya kile kimo cha kiwiko. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni hadi masikio kuongeza unene wa tandiko. Mbwa wa sentimita 70, kiwiko 32, mabega 20, masikio 58, anahitaji kizimba cha angalau 86 kwa 40 kwa 61, ukiweka tandiko la sentimita 3. Haya ni vipimo vya ndani. Dukani huandika vya nje.

Wanaokataliwa wengi wamepima mbwa aliyekaa, au wamesahau masikio. Mbwa na paka wa pua bapa waongezewe asilimia 10, lakini kwanza uliza kama wanapokelewa kabisa, maana mashirika mengi hayawataki kwenye tumbo la ndege. Njia yao fupi ya hewa inashindwa kuwapoza wakihema.

Vile vizimba vya plastiki vinavyofungwa kwa vibanio vya plastiki, vibanio vitolewe. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue boliti na nati za chuma za kutosha matundu yote. Mlango uwe wa chuma, hewa ipite pande zote nne, magurudumu yaondolewe. Vyombo viwili vya maji na chakula vifungwe mlangoni, vijazwe kutoka nje bila kufungua. Chombo cha maji kigandishwe usiku uliotangulia: barafu haimwagiki wakati wa kupakia na inayeyuka taratibu njiani. Tandiko linyonye mkojo, na juu yake leso kuukuu isiyofuliwa.

Hayo yote yananunulika siku moja. Lisilonunulika ni mazoea. Kizimba kikae sebuleni wiki sita kabla, mlango wazi, mbwa alie chakula humo, kisha alale humo. Mtoto afundishwe kutoingia. Hii ni ngumu kuliko kumfundisha mbwa.

Na kabla ya kulipia tiketi za watu, pigia shirika simu uhakikishe nafasi ya mnyama. Idadi yao kwa ndege ni ndogo. Pata uthibitisho wa maandishi.

## Wote wawili, macho

Kuna ushauri unaopitishwa kwa sauti ya chini kati ya wazazi na pia kati ya wafugaji: mpe kidogo, alale.

Hapana kwa wote wawili. Mbwa aliyepewa dawa ya usingizi hushuka shinikizo la damu, hushindwa kudhibiti joto lake, na kizimba kikiinama hawezi kujishika. Hakuna anayemtazama kwa muda wote huo. Karani akiona mbwa anayumba, anaweza kumkataa papo hapo, na ana haki. Mtoto naye, dawa za mafua zinazosinzisha hazishauriwi chini ya miaka 2, na wapo watoto zinaowageuza: badala ya kulala wanachachamaa usiku kucha.

Kinachosaidia ni cha kawaida. Mbwa atembezwe mpaka achoke mchana ule, ale chakula chepesi muda wa saa nne hadi sita kabla ya kukabidhiwa, akojoe mwisho nje ya ukumbi. Mtoto awe na kitu cha kunyonya au kutafuna ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Aamshwe, hata kama inauma kumwamsha, kwa sababu masikio yanazibuka kwa kumeza na aliyelala hamezi vya kutosha. Nepi hesabu moja kwa kila saa ya safari nzima, mlango hadi mlango. Nguo mbili za mtoto, na fulana moja ya anayembeba. Hiyo fulana ndiyo husahaulika.

Uji kwenye chupa ya chai unapita ukaguzi. Chakula cha mtoto hakibanwi na mililita 100, mradi kiwe cha kiasi cha safari. Lakini umalizwe hewani. Kuingia Ulaya na nyama au maziwa kutoka kwetu ni marufuku, na hapo biskuti za mbwa zenye nyama huingia pipani pamoja na mala ya mtoto. Maziwa ya unga ya watoto yanaruhusiwa hadi kilo 2, yakiwa kwenye kopo lake la kiwandani. Samaki, kwa mshangao wa wengi, wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa wanaingia.

## Siku tano

Nirudi mezani, kwenye chai.

Jibu la haraka la wengi wanaoona ugumu huu ni kumwacha mbwa kwa bibi, "tukishatulia tutamtumia". Ni jibu la busara la kibinadamu na ni mtego wa kisheria. Mnyama huhesabika kama wa familia akisafiri pamoja na mwenyewe, au na mtu aliyeidhinishwa kwa maandishi, ndani ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe kusafiri. Baada ya hapo, akipelekwa peke yake, anageuka bidhaa. Cheti kingine, ukaguzi mwingine, mlango mwingine wa mpakani, gharama nyingine. Njia pekee ya kumrudisha kuwa mbwa wa nyumbani ni wewe kurudi umfuate.

Nilidhani kanuni hii ni ya kubana. Kadiri ninavyoigeuza, naiona kama nafasi.

Siku tano zinatosha kuigawa familia sehemu mbili. Mtu mzima mmoja anaondoka na mbwa. Mwingine anabaki na mtoto, siku mbili au tatu, kisha anafuata. Familia nyingi zinalikataa wazo hili kwa moyo: tumeamua kuhama pamoja, tutaingia pamoja. Naelewa. Pia ni kweli kwamba anayebaki na mtoto atasafiri peke yake, na usiku huo ni mrefu.

Ila itazame kaunta tena. Karani anauliza chipu iliwekwa lini. Mbwa anakataliwa. Safari hii kuna mtu nyumbani, nyumba bado ina funguo, bado kuna sufuria jikoni. Anayesafiri anapanda ndege au anarudi. Hata akirudi, hakuna mtoto analia sakafuni na hakuna masanduku manne. Na ikiwa mbwa amepita, mtu mzima anafika kwanza, anachukua funguo za nyumba mpya, ananunua kitanda cha mtoto, mbwa anakojoa kwenye miti mipya na kutulia kabla kishindo cha mtoto hakijaingia.

Ndiyo maana naona mwenye mbwa atangulie, si afuate. Akifuata, kosa likitokea anakuwa peke yake na nyumba tupu nyuma yake.

Mzazi aliye peke yake afanye vilevile kwa kumwidhinisha ndugu au rafiki: barua ya idhini, nakala ya tiketi ya mwenye mbwa ikionyesha kwamba tarehe zimo ndani ya siku tano. Na mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, maana atakayeulizwa maswali siku hiyo si mbwa.

## Asiyefaa kuondoka

Kuna mbwa ambao hawapaswi kwenda. Mbwa wa ulinzi aliyezaliwa kwenye ua wa nyumba ya Karen, Nairobi, au Mbezi, Dar es Salaam, anayelala mchana na kubweka usiku, ambaye hajawahi kuvaa kamba, atapelekwa ghorofa ya tatu yenye majirani wanaohesabu saa za ukimya. Mbwa wa miaka 12 mwenye moyo mgonjwa. Paka wa nje ambaye kabini itamtia wazimu.

Mwenye nyumba wa Ujerumani hawezi kupiga marufuku mbwa na paka wote kwa kifungu cha jumla kwenye mkataba. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua hivyo Machi 2013. Lakini bado anaweza kukataa mbwa wako kwa sababu za msingi, na nyumba za muda za miezi ya kwanza mara nyingi hazitaki mnyama. Ulizeni kabla ya chipu. Na kodi ya mbwa ipo: Berlin ni yuro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza. Paka hadaiwi.

Kumtafutia mbwa mlezi mzuri hapa, miezi minne kabla, si kumtupa. Kumtafutia mlezi saa nne usiku uwanjani ndiko kumtupa.

## Wanaokwenda kwingine

Uingereza ina hesabu ileile ya damu na miezi mitatu, lakini mbwa na paka wa kawaida hawaingii kwa ndege kabini wala kama mzigo wa abiria. Wanaingia kama shehena, kwa njia zilizoidhinishwa, na mbwa anywe dawa ya minyoo ya tegu mbele ya daktari saa 24 hadi 120 kabla ya kufika. Marekani, tangu 1 Agosti 2024, haipokei mbwa chini ya miezi 6, na kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda, akiwa amechanjwa huku, kuna fomu iliyothibitishwa na daktari wa serikali, kipimo cha damu au karantini ya siku 28, na nafasi iliyolipiwa mapema kwenye kituo cha wanyama kwenye moja ya viwanja vichache. Paka kule hawana msukosuko huo.

## Mlango mwekundu

Frankfurt, mwenye mnyama kutoka nje ya Ulaya apite mlango mwekundu wa forodha, hata kama wa kijani hauna foleni. Bahasha iwe mkononi, si kwenye sanduku: cheti, majibu ya maabara, kadi ya chanjo, tiketi ya yule anayefuata. Kisomeo kitapitishwa shingoni tena. Karatasi zisipokubaliana na namba, sheria inampa afisa njia tatu: kumrudisha mnyama alikotoka, kumweka karantini kwa gharama yako, au, vyote vikishindikana, kumuua. Si tishio la kuandika tu.

Kizimba kisifunguliwe ukumbini, hata mbwa alie vipi. Kifunguliwe nyumbani, mlango wa nje umefungwa, kamba ipitishwe kwenye wavu na kufungwa kwenye mkanda wa kifuani kabla mlango haujaachia. Maji kwanza, kidogo kidogo. Chakula baada ya saa moja au mbili.

Mtoto anapofika siku ya tatu, mbwa awe chumba kingine. Wanukiane kupitia upenyo wa mlango. Mbwa aliyechoka na safari huweza kung'ata mkono anaoujua, na mtoto aliyechoka na safari hukimbilia moja kwa moja kwenye kizimba, kwa sababu katika nyumba nzima hicho ndicho kitu pekee anachokitambua. Ile kadi ya kliniki ya mtoto isifungiwe mbali pia: chekechea ya Ujerumani, tangu Machi 2020, inadai ushahidi wa chanjo ya surua kabla mtoto hajaanza, na ile dozi ya miezi 18 ni bora ipigwe kabla ya kuondoka, ikaandikwa tarehe inayosomeka.